Mto haupandi ramani: jiografia ya mtoto ianzie uani

Mtoto anayekulia Mbeya anajua "kushuka" kabla hajasikia neno kusini. Watu wanashuka Kyela, wanapanda Mbeya. Mwonyeshe sasa ramani ya ukutani, umwambie Mto Chimala unatoka milimani kwenda bonde la Usangu, upande wa kaskazini. Atakataa. Kwake juu ya karatasi ni juu kweli, na maji hayapandi. Kosa si lake, ni la aliyeitundika ramani mapema.

Ishusheni. Ilazeni sakafuni, muizungushe mpaka kaskazini yake ielekee Mlima Loleza, kama mnakaa katikati ya jiji. Lakini kabla ya hapo, fanyeni kazi ya sinia.

Chukueni udongo wa mfinyanzi wa kujaza bakuli mbili, mkaukande uwe mgumu. Ukiwa laini, mlima utabomoka kwa maji ya kwanza. Finyangeni mgongo mrefu katikati ya sinia. Mtoto adondoshe maji juu kabisa ya mgongo, kwa kijiko. Kikombe kinamwaga mengi kwa mkupuo na hataona maji yanavyogawana njia. Milima yetu hufanya hivyohivyo: mvua ya upande wa Usangu huishia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, ya Rungwe hufuata Kiwira hadi Ziwa Nyasa, ya magharibi hushika Songwe kwenda Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. (Songwe ziko mbili. Ile ya mpakani na Malawi huingia Nyasa.)

Halafu zungusha sinia nusu duara, umwulize: je, mto umegeuka njia? Mwache abishane nawe. Swali hilo linafaa kuliko kukariri mikoa yote.

Kutazama vitu kutoka juu ni rahisi zaidi. Panga kiberiti, kikombe na mfuniko wa sufuria juu ya boksi lililokunjuliwa, azungushie kalamu, kisha aviondoe. Alama zilizobaki ndizo ramani. Usimsahihishe mistari.

Kwa dira, simamisheni fimbo ya sentimita 50 uani, wima kabisa. Ikiinama kidogo tu, vipimo vyote vinaharibika. Wekeni kigingi kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa saba na robo. Msitegemee saa sita kamili: jua la Mbeya hufika kileleni karibu na saa saba kasorobo, kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari ulio mbali mashariki. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinacholala kaskazini-kusini. Mwishoni mwa Juni kitaelekea kusini, kikiwa na sentimita 32 hivi. Kanuni ya vitabu vya Ulaya, kwamba kivuli cha mchana huelekeza kaskazini, itawapoteza miezi mingi ya mwaka.

Kigingi cha kivuli hicho kifupi msiking'oe. Rudini hapo wiki ya Krismasi, mvua ikiruhusu: kivuli kitakuwa kimehamia upande wa pili wa fimbo, sentimita 13 tu.