Klachi ya bei nafuu kwa Subaru iliyoongezwa nguvu

Ndugu yangu, kwa Subaru STI unayoiendesha kila siku hapa Nakuru, ambayo umesema imeongezwa nguvu hadi nguvu za farasi 350, usichague klachi kwa kutazama hesabu ya farasi pekee, kwa maana kinachoifanya iteleze ni nguvu ya msokoto (torque), yaani ile inayozungusha ekseli, ambayo turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, huileta kwa ghafla injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya katikati. Chukua presha pleti, yaani bamba linalobana diski ya klachi, yenye springi kali zaidi, pamoja na diski ya ogani, ile ya kawaida inayoshika kwa ulaini. Ile ya seramiki yenye vipande vichache hushika kwa kishindo, na kwenye foleni ya Kenyatta Avenue, unapofuata matatu hatua kwa hatua, gari litarukaruka kama punda aliyechokozwa. Mimi niliifunga, nikaitoa baada ya miezi miwili. Fedha utakazookoa zipeleke kwenye kusawazisha uso wa flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo diski hulibana, na kununua beringi mpya ya klachi, kwa kuwa kushusha giaboksi si kazi ya kurudia. Kisha endesha taratibu mjini kilomita 800 hivi ili diski mpya ikae vizuri, kabla ya kupanda mwinuko wa Timboroa kwa kasi.