Nywele za mwanasesere zinachomoka

Swali: Shangazi, namfumia mwanangu mwanasesere. Nywele nilizomshonea zinachomoka zikivutwa, na pamba inachungulia kichwani. Nifanyeje?

Jibu: Mpwa wangu, mishono yako imelegea. Fuma mwili kwa sindano nyembamba kuliko zilizoandikwa kwenye lebo ya uzi; vidole vitalalamika, lakini pamba haitaonekana. Nywele usizishone juu juu. Kunja uzi katikati, vuta kitanzi kwa sindano ya kroshia kupitia mshono wa kichwa, pitisha ncha zote mbili ndani ya kitanzi, kaza. Anzia utosini, shuka hadi kisogoni, kisha msuke mikia miwili. Ifunge kwa uzi, si shanga. Mtoto mdogo anaweza kuzimeza. Gauni lifume peke yake, livulike. Watoto hupenda kuvua kuliko kuvisha.