Waya Mmoja na Wati Mia: Mashindano ya Redio ya Ridhaa Ukiwa Nyumba ya Kupanga

Ukishapata leseni yako TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) na redio ya mtumba ya wati 100, watakaokuzunguka watakwambia mashindano, yale ya kuongea na watu wengi wa nchi nyingi kadiri uwezavyo ndani ya muda, si saizi yako. Watakutajia jamaa wa Ulaya wenye milingoti mirefu na wati 1,500. Waache waseme. Kutoka wati 100 hadi 1,500 ni tofauti isiyofika desibeli 12, yaani kwenye mita ya anayekusikiliza mshale unasogea hatua mbili tu. Na wewe una kitu ambacho yule jamaa hawezi kukinunua dukani: alama yako ya wito, yaani jina la kituo chako hewani, inaanza na 5H ya Tanzania.

Naongelea zaidi CQ World Wide ya sauti, maana ndiyo nilikoanzia. Hufanyika wikendi kamili ya mwisho wa Oktoba na inakwenda saa 48, kuanzia saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa zetu. Unampa mwenzako ripoti ya 59 (yaani nakusikia vizuri) na namba ya kanda yako ya dunia, naye anakupa yake. Sisi, pamoja na Kenya na Uganda, tuko kanda ya 37. Ukimpata mtu wa bara jingine ni pointi 3, wa nchi nyingine ya Afrika pointi 1, Mtanzania mwenzako 0. Halafu jumla inazidishwa kwa idadi ya nchi na kanda ulizozipata kwenye kila bendi, yaani kila kundi la masafa.

Hapo kwenye kuzidisha ndipo penye utamu. Chukulia una mawasiliano 200 ya pointi 3, na nchi na kanda zako jumla ni 55. Hiyo ni 600 mara 55, sawa na 33,000. Mtu mmoja zaidi wa Ujerumani anakuongezea 165. Lakini ukimpata mmoja wa nchi ambayo hujawahi kuigusa kwenye bendi hiyo, umeongeza 768 kwa mpigo. Sasa geuza kibao: wewe wa 5H ndiye huyo mmoja kwa mamia ya watu wa Ulaya, Marekani na Japani. Wanakutafuta wao kuliko unavyowatafuta. Kinachotuangusha wengi wetu ni kelele za vifaa vya umeme vya nyumbani na vurugu za uendeshaji, si udhaifu wa redio.

Ushauri wangu: mwaka wa kwanza ingia kwenye bendi moja tu, mita 10 (masafa ya 28 MHz hivi), mradi jua lina nguvu. Madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11, na bendi hii huamka pale yanapokuwa mengi. Uzuri wake ni kwamba antena yake ni ndogo. Dipoli, yaani antena ya waya wa pande mbili zilizo sawa, ya 28.5 MHz ni mita 5 kutoka ncha hadi ncha, na ukiiinua mita 5 tu tayari umefika nusu ya urefu wa wimbi. Nusu kama hiyo kwenye mita 20 inataka mita 10 kwenda juu, na hapo mwenye nyumba ataanza maswali.

Yangu niliitengeneza kwa waya wa kawaida wa kufungia umeme wa nyumba, mianzi miwili, na vipande vya bomba la plastiki kwenye ncha. Nilikata kila upande mita 2.6 kisha nikapunguza sentimita moja moja nikiangalia SWR (kipimo cha jinsi antena inavyoipokea nguvu ya redio), kwa sababu waya ukishaukata mfupi umeukata. Pale kebo ya koaksia inapokutana na waya niliizungusha mara kadhaa kama bangili ili mawimbi yasirudi ndani kwa mgongo wa kebo. Nikaufunga kuelekea mashariki na magharibi, kwa kuwa dipoli hutupa nguvu zake ubavuni na Ulaya iko kaskazini kwetu. Mwenye nyumba aliuliza kama ni kamba ya kuanikia nguo. Sikumkatalia sana.

Kazi niliyoidharau ilikuwa ya kelele. Mita ya redio yangu, inayopima nguvu ya kinachosikika kwa hatua za S, ilikuwa inasimama kwenye S7 hata bendi ikiwa kimya, nami nikidhani ndivyo mjini kulivyo. Siku moja niliunga redio kwenye betri ya gari, N70, nikazima meni swichi ya nyumba nzima. Mshale ukaanguka hadi S2. Nikawa narudisha swichi moja baada ya nyingine huku nasikiliza: chaja ya simu ya bei chee, taa mbili za LED za sebuleni, na adapta ya king'amuzi. Vitu vya elfu chache vilikuwa vinanificha nusu ya dunia! Fanya zoezi hili kabla hujafikiria kununua amplifaya. Na hiyo betri iweke chaji, maana umeme huwa unachagua wikendi hizo hizo kukatika. Ila ujue redio ya wati 100 ikirusha kwa nguvu zote inavuta ampea zinazokaribia 20, kwa hiyo nyaya za betri ziwe nene na fupi.

Kelele nyingine ni ile unayowapelekea wenzako. Jumamosi ya kwanza, majira ya saa 5 asubuhi, mama jirani aligonga mlango. "Kaka, sabufa yangu inaongea Kizungu, tena kwa sauti yako." Nilimwachia mdogo wangu maikrofoni nikaenda kwake, na kweli, nikamsikia mdogo wangu kwenye sabufa. Waya mrefu wa spika ulikuwa unafanya kazi ya antena. Tuliuviringisha kwenye pete ya feraiti, inayozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya, tukaufupisha, yakaisha. Tangu hapo nawataarifu majirani wiki moja kabla, na pete mbili za akiba zinakaa mezani.

Kuhusu muda: kwenye mita 10 huna haja ya kukesha, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuipenda. Asubuhi jua likishatoka geukia Japani na Asia. Ulaya hujaa kutoka asubuhi hadi jioni. Mashariki ya Marekani huanza kusikika kwenye saa 8 au 9 mchana, kwao kunapopambazuka, na magharibi yao baadaye, sisi tukijiandaa kunywa chai ya jioni. Usiku lala.

Saa ya kwanza usiite. Zunguka ukiwajibu wenye sauti kubwa, kwa sababu mwenye antena kubwa ana na masikio makubwa, atakusikia. Ukishazoea mdundo, panda juu kidogo, 28.7 hivi, kule chini wakubwa wamebanana. Uliza kama masafa yana mtu, kisha ita. Ndani ya dakika chache utavamiwa. Ni kama wapiga debe wa stendi, wote wanataja njia zao kwa pamoja. Usitaharuki. Shika herufi mbili ulizozisikia, zitaje, subiri mwenye nazo. Na ukishamtaja mwenye "LA", usimjibu mwingine hata akipiga kelele namna gani. Ukimjibu mmoja tu, wote watajifunza kuwa kelele zinalipa, na saa nzima imekwisha hapo. Taja alama yako kila baada ya watu wawili watatu. Jumapili alasiri usiondoke: wakubwa wameshamaliza wanaowajua, wanakwangua sufuria, na ndipo hata aliye dhaifu anasubiriwa.

Logi, yaani orodha ya niliowapata, niliandika kwa programu ya N1MM, ya bure. Mwaka wa kwanza kompyuta ilikuwa kwenye saa za hapa badala ya UTC, saa za kimataifa, na karibu nitume faili lote likiwa mbele kwa saa 3. Hakikisha saa kabla ya mtu wa kwanza. Faili linatakiwa ndani ya siku 5 baada ya mashindano.

Matokeo yakitoka, itafute ripoti ya ukaguzi wa logi yako na uisome neno kwa neno. Ukikosea alama ya mtu unapoteza yale mawasiliano, na juu yake unakatwa. Makosa yangu mengi yalikuwa ya aina moja: Mwitaliano anasema "i" akimaanisha I, Mwingereza anasema "i" akimaanisha E, nami sikio langu la Kiswahili linaandika I kwa wote wawili. Wajapani nao walinipa JL nikaandika JR. Sasa nina kikaratasi kimebandikwa chini ya skrini, E/I na L/R, na zikitokea namwomba mtu arudie, hata kama nyuma yake kuna foleni.