Mtwara hadi Guangzhou: kilomita za kwenye tovuti na safari yenyewe

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Mtwara hadi Guangzhou ni kilomita 8,780 na saa 10 na ushee angani, kama tovuti ilivyokuonyesha. Kilomita ni sahihi, ila ndege ya kupita njia hiyo haipo. Tovuti hizo huchukua latitudo na longitudo za viwanja viwili na kupima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Haziangalii kama kuna ndege.

Anza na Mtwara–Dar, kilomita 400 hivi angani (kwa barabara ni kama 560). Kutoka Dar hadi Guangzhou ni 8,710 ukipata ya moja kwa moja. Ukiunganisha Addis Ababa au Dubai, zote mbili zinafika karibu 9,800, kwa hiyo usichague kwa umbali. Chagua kwa muda wa kusubiri pale katikati.

Muda unaweza kuupigia hesabu mwenyewe. Kwa jeti, gawa kilomita kwa 870, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka: Dar–Guangzhou inatoka saa 10 na nusu. Kwa ndege ya pangaboi gawa kwa 600. Ndiyo maana Mtwara–Dar, fupi vile, bado inakula saa moja na kidogo. Nusu saa ile haipungui hata safari ikiwa fupi. Desemba hadi Februari kuna upepo mkali wa juu unaotoka magharibi kuelekea kusini mwa China. Wakati wa kwenda unakusukuma, wakati wa kurudi unakukabili, hivyo kurudi huchukua muda zaidi.

Wengi hukosea kwenye kusoma tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na China wako mbele yetu kwa saa 5. Tuseme unaondoka Dar 10:00, yaani saa nne asubuhi. Utatua 01:30 ya kesho yake, saa saba na nusu usiku kwa saa za kule. Ukitoa harakaharaka unapata saa 15 na nusu, kumbe angani ni 10 na nusu tu. Kurudi, hesabu hiyo hiyo itakudanganya kinyume.

Sasa tiketi zenyewe. Ukinunua Mtwara–Dar peke yake na ya China peke yake, ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina wajibu wowote kwako. Mzigo utauchukua Dar na kuukabidhi upya, na uzito wa bure wa ndege ya ndani huwa mdogo. Ndege za ndani hutumia jengo la pili la JNIA (uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar), za nje jengo la tatu, na kaunta nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya kuruka. Kama unaweza, weka safari yote kwenye tiketi moja. Kama huwezi, fika Dar siku moja kabla, na wakati wa masika usilitegemee basi la dakika za mwisho: Mei 2024 mafuriko yalikata barabara yetu ya Mtwara–Dar maeneo ya Somanga.