Reli Iliyolala Ikianza Kuamka: Ushauri kwa Sisi Tunaoishi Kando Yake

Kwa karibu miaka kumi, reli inayopita nyuma ya shule yetu upande huu wa Kibos, nje ya mji wa Kisumu, ilikuwa njia ya miguu. Nguo zilianikwa juu yake. Mbuzi walijilaza katikati ya mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli. Mvua za masika zikiufunika uwanda wa Kano, tuta la reli ndilo lililobaki kavu, na wanafunzi wangu wa darasa la nne walilifuata kuja shuleni viatu vikiwa mkononi. Hakuna aliyewakataza. Hata mimi sikuwakataza, ingawa nimelelewa kwa mshahara wa reli: baba alikuwa katika gangi ya Muhoroni, kikosi cha kutunza reli, tukaishi chumba kimoja katika landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na kila alfajiri alitoka na mtaimbo begani kwenda kukagua kipande chake.

Kisha mafundi wakaja kuitengeneza. Kilomita 217 za Nakuru hadi Kisumu zilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ikaingia tena Kisumu. Nilikwenda stesheni siku hizo kuiona, nikatokwa na machozi mbele za watu. Lakini hatari kubwa kwetu haikuja na treni ile. Ilikuja miezi kadhaa kabla yake, wakati wa kazi, na ndiyo sababu naandika. Reli za huku hazimaliziki kutengenezwa. Mafuriko yakipita, tuta humegeka, mafundi hurudi, na mambo huanza upya.

Asubuhi moja wanafunzi sita walikuwa juu ya tuta wakielekea shuleni. Nyuma yao yalikuja mabehewa ya kokoto yakitokea upande wa Kisumu, injini ikiwa mkiani, ikisukuma. Mtu anayetegemea kusikia injini atachelewa kuisikia iliyo nyuma ya mabehewa manane. Tena upepo wa asubuhi huku kwetu huteremka kutoka vilimani kwenda ziwani, kwa hiyo sauti ilibebwa mbali nao. Mfanyakazi aliyesimama kwenye behewa la mbele alipuliza filimbi, na mama mmoja aliyekuwa akichota maji mtaroni akapiga ukemi. Watoto wakaruka. Mmoja aliangusha kiatu kati ya reli, na kabla mtu hajamshika akakirudia.

Mabehewa yalikuwa yanakwenda polepole, yakasimama. Mtoto yuko hai na sasa amefika sekondari. Ila nilikaa usiku ule nikijiuliza ilikuwaje mimi, niliyefundishwa na baba kutokanyaga reli tangu sijaanza shule, nikawaacha watoto wa watu waitembelee.

Kosa letu lilikuwa kungoja sherehe ya ufunguzi. Tulidhani reli itakuwa hai siku treni ya abiria itakapofika. Si kweli. Reli huwa hai siku mfanyakazi wa kwanza anaposhuka na sururu. Treni ya kazi haina ratiba ya kubandikwa ukutani. Inaweza kutoka upande wowote, ikaenda mbele ikarudi nyuma mara tano kwa siku, hata usiku. Trole ya wakaguzi, kile kigari kidogo cha kukagulia reli, ndiyo mbaya zaidi, kwani hupita karibu kimya kabisa. Usimwambie mtoto wako "treni inapita saa tatu." Mwambie juu ya reli hapapitwi, basi.

Siku iliyofuata nilimtafuta nyapara wa kazi. Usiogope kufanya hivyo. Watu wa gangi hawapendi kuua mtu, na wengi wao wana watoto wa umri ule ule. Nilimuuliza wiki hii wako kati ya wapi na wapi, treni ya kokoto huanza saa ngapi kutembea, na nani anashika bendera karibu na shule. Alinijibu yote, tena akanieleza kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: pale wanapofanya kazi huweka vidonge vya baruti juu ya reli, vinavyolipuka kwa kishindo gurudumu likivikanyaga, ili dereva ajue kuna watu mbele. Mtoto akiona kitu kile kinang'aa hukiokota. Nilikitangaza hicho paredi ya asubuhi kwa wiki mbili mfululizo, nikakipeleka pia kwenye baraza la naibu chifu na kwa vijana wa boda boda, maana wao hufikisha habari haraka kuliko barua yoyote.

Wenye matrekta ya miwa nao niwaseme. Kuanzia Miwani kupanda Chemelil hadi Muhoroni, trekta huvuta trela mbili zilizojaa hadi zinayumba, na dereva huingia kwenye reli akiwa ameangalia mbele tu. Kabla ya kuvuka, hakikisha upande wa pili pana nafasi ya kutosha trekta na trela zote. Usiingie ukitumaini aliye mbele atasogea. Kokoto mpya ikimwagwa, njia ya kuvukia hubadilika kimo, na trela inayogusa chini hukwama pale pale usipotaka ikwame. Likikutokea hilo, acha miwa. Tuma watu pande zote mbili wakimbie mbali na kitambaa chekundu, kwa kuwa treni ya mzigo haisimami kama matatu. Inahitaji mamia ya mita, na mteremkoni zaidi. Ukumbuke reli hii inashuka kutoka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani kwenye mita 1,134. Ule uzito wote unakuja kwetu huku chini.

Sasa, wewe unayepanda treni. Malalamiko niliyoyasikia sana baada ya ukarabati ni haya: wametengeneza reli, mbona treni inatambaa? Nilimpelekea baba swali hilo, akacheka kidogo, akaniuliza kama naweza kuegemea ukuta wa udongo uliokandikwa jana. Kokoto ikishachokonolewa na kupangwa upya chini ya mataruma, hupoteza ule mshiko iliokuwa nao. Treni lazima zipite juu yake polepole, mara nyingi, hadi mawe yakamatane. Ndiyo maana unaona vibao vya mwendo mahali ambapo reli inaonekana mpya kabisa. Kwetu Kano yako mambo mawili zaidi. Udongo mweusi huu hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na jua la mchana hurefusha chuma hadi reli isiyoshikwa vizuri inaweza kupinda. Dereva anayepunguza mwendo hapo anakulinda.

Na kule kusimama porini, pasipo mji, bila maelezo? Reli yetu ni ya njia moja, ile ile ya upana wa mita moja iliyofika hapa Desemba 20, 1901, mji ukiitwa Port Florence. Treni mbili haziwezi kupishana ila kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Msingi wa usalama wake ni sheria moja: kipande kati ya stesheni mbili kinabeba treni moja tu. Zamani dereva alikabidhiwa mkononi tokeni, yaani alama ya kibali cha kipande hicho, na asiyekuwa nayo hakuthubutu kuondoka. Leo kuna mahali ambapo taa na mitambo hufanya kazi hiyo, na mahali ambapo bado ni kibali na mazungumzo ya stesheni kwa stesheni, lakini sheria haijabadilika. Ukiona mmesimama dakika 40, mara nyingi kuna mwenzenu ndani ya kipande kilicho mbele, na hamna haki ya kuingia hadi atoke.

Ndugu yangu mdogo huko Nairobi hupanda treni za mjini za asubuhi, na yeye hukasirishwa na kitu kingine: njia kufungwa wikendi nzima kwa sababu ya mitambo ya ishara, wakati haonekani mtu akichimba chochote. Nilimweleza habari ya Clapham Junction, London, Desemba 12, 1988. Mitambo ya signali ilikuwa inabadilishwa. Waya mmoja wa zamani haukuondolewa, ukaachwa karibu na pale ulipokuwa, ukagusa. Signali iliyopaswa kuwa nyekundu haikuwa nyekundu, na treni iliyojaa watu wa kwenda kazini ikaigonga nyingine kwa nyuma. Watu 35 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa fundi yule alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na hakuna aliyepita nyuma yake kuhesabu nyaya. Tangu nisome habari hiyo sijawahi kunung'unika njia ikifungwa kwa majaribio. Ninachodai ni kuambiwa mapema. Kumfungia abiria njia bila kumpa habari ni kumkosea heshima, na hapo nalalamika kwa sauti.

Kwa safari zako mwenyewe, fanya kama nifanyavyo mimi. Wakati kazi zinaendelea, nenda stesheni ukaulize siku moja kabla. Usitegemee ujumbe uliosambazwa na rafiki wa rafiki. Usipange usaili, kesi ya mahakamani wala miadi ya hospitali asubuhi ile ile ya kufika. Mwaka mmoja nilimpeleka shangazi kliniki Nakuru na nikapanga saa kwa saa, tukafika daktari ameshaondoka, na mama yule alilala njaa kwenye benchi kwa ajili ya hesabu zangu. Weka kando nauli ya matatu ya kukumalizia safari kutoka mji mdogo wowote njiani, Londiani, Fort Ternan au Muhoroni. Beba maji na shuka, kwa sababu usiku wa Mau ni baridi ya kweli hata kama Kisumu umeacha jasho. Na treni ikisimama porini, usishuke kunyoosha miguu. Njia ya pembeni unayoiona tupu ndiyo mwenzenu atakayopitia.

Jambo la mwisho ni kwa wazazi na walimu. Watoto wetu sasa wanatumia njia ya chini, kando ya mashamba, na masika ikifika njia hiyo ni ziwa. Tuliandika ombi la kivuko cha miguu na karavati la kupitisha maji, lakini tuliliandika mafundi wakiwa wameshafungasha. Jibu lilikuwa la upole: mashine zimeondoka, kokoto imekwisha, tusubiri awamu nyingine. Kama uko kwenye tawi la reli liendalo Butere, au popote ambapo umeona vibao vya kazi vimesimikwa wiki hii, andikeni ombi lenu sasa. Pimeni kwa hatua umbali ambao mtoto anazunguka, choreni ramani hata kwa kalamu ya risasi, mpate muhuri wa chifu, na mpeleke nakala kwa nyapara na kwa ofisi iliyo juu yake wakati greda bado linanguruma nyuma ya nyumba yenu.