Kabla hujapaki, angalia utatokaje

Ukitaka kujua madereva wa Dar es Salaam tunakosea wapi kwenye kupaki, usimuulize trafiki. Nenda kakae kidogo kwa fundi wa bodi. Magari yaliyopinduka yapo, ila ni machache. Yanayomlipia kodi ya pango ni yale ya kona: bampa la mbele kushoto limekwaruzwa, mlango umebonyea, taa ya nyuma imepasuka, saiti mira inaning'inia kwenye waya. Jirani yangu anafanya kazi hiyo. Nikipita jioni kumsalimia namkuta anapiga msasa bampa ambalo halikukutana na lori wala daladala, limekutana na nguzo ya geti la mwenye gari mwenyewe.

Nikisikiliza zile hadithi za wateja wake, na nikijumlisha na ninayoyaona kila siku mjini, naona makosa mengi yana mzizi mmoja. Dereva anawaza kuingia tu. Nafasi ya kupaki Kariakoo saa nne asubuhi ni kama noti iliyodondoka barabarani, ukiiona unairukia kabla mwingine hajaiona. Suala la kutoka linakuja baadaye, mtu akiwa na mizigo, mtoto analia, na nyuma yake kumeshapangwa bajaji tatu na mkokoteni wa machungwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: ingia kinyumenyume. Najua inachosha, na najua aliye nyuma yako ataanza kupiga honi. Lakini fikiria hesabu yake. Kurudi nyuma utarudi tu, ama unapoingia ama unapotoka. Unapoingia, umeshapita mbele ya ile nafasi, umeiona, unajua kulia kuna nguzo na kushoto kuna Noah. Unapotoka kwa rivasi, unarudi barabarani ambako huoni kitu mpaka nusu ya gari iwe imeshatokeza. Bodaboda hawakusubiri. Tena matairi yanayokata kona yako mbele, kwa hiyo gari likiingia kwa nyuma linajipinda kwenye nafasi finyu ambayo kwa mbele usingeiweza.

Honi zinazuilika kwa sehemu. Washa indiketa mapema, kabla hujaifikia nafasi, usisubiri mpaka umesimama. Aliye nyuma akishajua unataka nini ataacha upenyo. Anayekugandia nyuma mara nyingi ni yule aliyeshtukizwa. Asipoelewa bado, mwache apige. Honi haikwaruzi rangi.

Palipochorwa mistari ya mshazari ingia kwa mbele, maana ile michoro imekusudiwa hivyo. Na kama umekuja kununua saruji au magunia ya mchele, buti liache upande wa njia. Mengine yote, kinyumenyume.

Sasa jambo ambalo wengi hawalioni. Ukiwa unarudi nyuma huku umekata kushoto, pua ya gari inakwenda kulia. Macho yote yapo kwenye kioo cha nyuma, shingo imegeuka, kamera inalia pi-pi-pi, na wakati huohuo bampa la mbele linalamba ubavu wa gari la jirani. Hapo ndipo kona za yule fundi zinapopatikana. Rudi taratibu kiasi cha kuweza kusimama mara moja, na kila baada ya kukata usukani tupa jicho mbele. Pakibana, simama, songa mbele, nyoosha, anza tena. Kurekebisha mara mbili tatu si ushamba. Ushamba ni kulazimisha.

Kupaki kandokando ya barabara, katikati ya magari mawili, kuna hatari hiyohiyo mara mbili. Unasimama sambamba na gari la mbele, umeliacha kama hatua moja pembeni, bampa la nyuma likilingana na lake. Unakata kushoto yote na kurudi: hapo pua inatokeza barabarani, kwenye njia ya bodaboda, kwa hiyo kioo cha kulia kiangalie kabla gari halijasogea hata inchi. Gari likishalala mshazari unanyoosha usukani, unaendelea kurudi, halafu unakata kulia yote ili pua iingie. Hapo sasa kona yako ya mbele kushoto ndiyo inayopita jirani kabisa na bampa la mwenzako. Ukikata mapema, umemgusa. Kama nafasi haizidi gari lako kwa mita moja na nusu hivi, iache tu.

Halafu wapo vijana wa parking. "Bosi njoo, njoo, njoo… kata yote… nyoosha… lete, lete… basi!" Siwasemi vibaya, kuna wanaojua kazi kuliko madereva wenye leseni ya miaka 20. Shida ni kwamba kijana anaangalia kona moja tu, ile aliyosimama karibu nayo, na wewe umemkabidhi zote nne. Likigongwa gari la mtu, dereva ni wewe. Yeye utamtafuta usimwone. Mtumie kwa kile usichokiona: shusha kioo, zima redio, mwambie asimame upande wenye mtaro. Akipotea kwenye vioo vyako, kanyaga breki hapohapo, maana inawezekana yuko nyuma ya gari.

Kuhusu magari yetu haya ya kutoka Japani, kuna kitu kinaniumiza roho. Prado na RAV4 nyingi za zamani zinakuja na kile kioo kidogo kwenye kona ya mbele kushoto, na Noah zinakuja na kingine juu ya mlango wa nyuma kinachotazama chini. Watu wanaving'oa eti vinaharibu muonekano. Kile cha mbele kimewekwa ili dereva anayekaa kulia aone tairi la kushoto na chochote kilichosimama pale chini, akiwemo mtoto. Cha nyuma kinakuonyesha bampa na ardhi. Viache. Kamera nayo ni nzuri, ila masika inajaa tope, na haioni pembeni. Nyumbani, hasa uswahilini ambako watoto wanachezea popote penye kivuli, zunguka gari kwa miguu kabla hujawasha. Hilo halina mbadala, hata uwe na kamera inayokusalimia kwa Kijapani.

Kingo za barabara na mitaro nazo zina mambo yake. Pua ya IST ikipanda juu ya ukingo mrefu inapita vizuri, unaridhika, unafunga mlango. Ukirudi nyuma, ukingo unalikamata bampa kwa chini na vibanio vinachomoka. Kwa hiyo simama kabla ya ukingo, usisubiri tairi likuambie. Na mifuniko ya mitaro, usiikanyage bila kushuka na kuiangalia. Mingine imebaki nondo tu.

Kwenye miinuko, na hapa nawakumbuka zaidi ndugu zetu wa Mwanza wanaopaki kuelekea Bugando, otomatiki zinaonewa sana. Mtu anakanyaga breki, anatupa gia kwenye P, anaachia breki, gari linashuka kidogo na kugota, ndipo anavuta hendibreki. Ule mgoto ni uzito wa gari lote kuning'inia kwenye kipande kidogo cha chuma ndani ya gia boksi. Ndiyo maana asubuhi gia inatoka kwa kishindo. Fuata mpangilio huu: mguu kwenye breki, gia N, vuta hendibreki, achia mguu polepole ili gari litulie juu ya hendibreki, kanyaga tena, kisha weka P. Ukitazama mteremko, pindia matairi kushoto, kwenye ukingo. Ukitazama mlima na ukingo upo, pindia kulia, ili likirudi tairi liegemee ukingo. Kama ukingo haupo, kushoto tena. Jiwe nyuma ya tairi si aibu hata kidogo.

Kuziba wenzako ni tabia kuliko ujuzi, sitaisema sana. Kila harusi lazima MC akatishe muziki: "Mwenye gari namba T ngapi ngapi, rangi ya fedha, tafadhali akasogeze." Ukumbi mzima unageuka kukutazama. Kama huna budi kumziba mtu, acha namba ya simu kwenye dashibodi, na simu yenyewe isiwe kimya. Mbele ya geti la mtu usiache gari hata kwa dakika tano. Wanaoandika ukutani kwamba watatoa upepo, wengine wanatoa kweli. Kwenye kituo cha daladala, kabla trafiki hajakuandikia 30,000 makondakta watakuwa wameshaligongagonga bodi.

Kabla hujafungua mlango wako wa kulia, tumia mkono wa kushoto kuvuta kitasa. Bega litageuka lenyewe na macho yataona bodaboda anayekuja. Mtoto usimwache ndani ukisema unaingia dukani mara moja. Kwa jua letu joto la ndani linaweza kuongezeka nyuzi 10 hivi kwa dakika 10, na kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu. Kivuli nacho uchague: chini ya mnazi usipaki hata kama nafasi iko peke yake, na mti wenye kunguru wengi utakuachia kazi ya kuosha.

Mwisho ni ushuru. TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, wanatoza kwa mfumo wa kielektroniki, mhudumu anaingiza namba ya gari lako kwenye mashine yake na bili inakaa kwenye namba hiyo hata kama hukumwona akipita. Jizoeze kuangalia deni kwa simu kila mwisho wa wiki na ulipe likiwa dogo. Na unaponunua gari mkononi mwa mtu, mbali na kadi na bima, ingiza namba ya gari uone deni la maegesho kabla hujatoa hela. Muuzaji akikuambia hivyo ni vidogo vidogo mtamalizana, mwambie kama ni vidogo avilipe sasa hivi, mko wote.