Barua kwa mwanangu: usome mkataba kabla ya kusaini

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na habari ya kupata kazi imetufurahisha sote hapa nyumbani. Umeniuliza kama usaini mkataba wa kampuni ile kubwa ya Dar es Salaam, maana afisa aliyekufanyia usaili alikwambia kwamba wao pale ni familia moja na hakuna anayetazama saa, nawe maneno hayo yamekutia shaka.

Kwa maoni yangu uende, ila shaka hiyo usiitupe. Nimekaa miaka mingi katika masjala ya kampuni kubwa hapa Tanga nikitunza majalada ya wafanyakazi, na humo ndimo nilimojua jinsi watu wanavyotendewa kazini. Lipo jalada la mzee mmoja ambalo sijalisahau: maombi yake ya likizo yamepangana mwaka baada ya mwaka, na pembeni mwa kila ombi mkuu wake ameandika kwa wino mwekundu, "Asubiri kazi ipungue." Kazi haikupungua hadi mzee akastaafu. Mkuu huyo huyo alikuwa akimwita "ndugu yangu" kila asubuhi, na naamini alimpenda kweli. Lakini mapenzi yake hayakumpa mzee hata siku moja ya kupumzika.

Basi usome mkataba wako pamoja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni za ziada, hufanywa kwa makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Tazama sana cheo watakachokupa, kwa sababu masharti hayo ya saa hayamhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kijana hufurahia kuitwa meneja bila kuuliza cheo hicho kinamwondolea nini. Fahamu pia kwamba asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri hana kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo katika miezi hiyo fanya kazi kwa bidii, na kila agizo zito uliombe kwa maandishi.

Makato ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, usiyaamini kwa kuyaona tu kwenye hati ya mshahara. Nenda mwenyewe katika mfuko ukahakikishe kwamba yamefika.

Umeniuliza pia kama umwite mkurugenzi kwa jina lake: mwite kama wanavyomwita wenzako, kwani ndivyo walivyozoeana, na heshima yako ataiona katika kazi. Walinzi na wafagiaji uwaamkie kwanza wewe, maana ni wakubwa zako, na hao wanajua nani hutoka ofisini usiku wa manane na nani hutoka analia.

Kabla ya kusaini, muulize afisa yule nani aliyeshika nafasi hiyo kabla yako na kwa nini aliondoka. Akijibu waziwazi, niandikie alivyosema. Akizungukazunguka, nitumie nakala ya mkataba tuisome pamoja kwanza.

Wako akupendaye,
Baba